Manowari Yenye Mapazia

Nyumbani kwetu Wattaya, huku Omani, mposaji hapimwi kwa mshahara wala kwa gari. Anapimwa kwa picha iliyotundikwa sebuleni: babu yangu, mtia makaa kwenye tanuri la meli wakati wa vita, amesimama sitahani kando ya mzinga. Mama yangu, ambaye siku hizi husahau dawa zake lakini hasahau sifa zake, humwuliza kila anayekuja kuposa, "Kwenu kuna aliyepanda manowari?" Hakuna. Basi mtu hunywa kahawa yake na kwenda zake.

Safari hii aliyeposwa ni binti yangu, na alikwishaniambia kwamba bibi yake akimkataa huyu, yeye haolewi tena na mtu. Nilimwamini, ukaidi kaurithi kwa bibi huyo huyo. Taabu ni kwamba kijana ni wa Waomani waliotoka Tabora. Kwa mama, mzaliwa wa Unguja, bara ni mahali ambapo watu huiona bahari kwenye kalenda.

Baba wa kijana, fundi wa meli aliyestaafu, alikuja na halwa. Mama, asiyetaka kusikia habari za kutenga majlisi, sebule ya wanaume na ya wanawake, alikaa katikati yetu akauliza swali lake. Yule bwana akainuka, akavaa miwani, akaisogelea picha. Nikajua tumekwisha.

"Mama, hii si manowari," akasema. "Ni yoti ya mvuke, meli ya starehe ya tajiri fulani. Vita vilipokuja wakaipaka rangi ya kijivu, wakaifunga mzinga. Tazama madirishani, mapazia wameyasahau."

Kweli, yalikuwepo, tena ya maua. Nyuma ya mlango binti yangu akaangusha kijiko.

"Manowari ina chuma kinene ubavuni," bwana akaendelea, maana watu wa bara hawajui kunyamaza. "Hii ni bati tu. Kombora moja lingetosha."

Mama akaweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Na baba'ngu wakati ule akijua?" akauliza.

"Mtia makaa anakaa chini kabisa, mama, kando ya bati lenyewe. Alikuwa anajua."

Mama aliitazama picha. "Sie tulikuwa wadogo. Mama'etu akitwambia, msilie, baba yenu yumo ndani ya manowari, chuma kitupu. Tukilala. Tangu hapo nnasema manowari."

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Sikucheka.

Mama akamsogezea mgeni sahani ya halwa kwa mkono wake. "Huyu ana macho," akaniambia, kana kwamba mwenyewe hayupo. "Mwanawe mpeni mke."

Picha ipo pale pale. Wageni wakiiulizia, mama huwaambia ni yoti tu, mapazia matupu. Kisha huongeza, "Na baba'ngu alirudi."