Viatu Chini ya Mlango
Juzi nilimfuata mpwa wangu chuoni, huku Nguba, nikakaa benchi la nyuma ukumbini kumngoja. Doyen, yaani mkuu wa kitivo, alikuwa anakusanya maoni ya wanafunzi.

"Professeur anafundisha namna gani?"

Profesa mwenyewe, mzee wa mvi, alisimama kando yake, mikono nyuma.

"Bien, muzuri!" ukumbi mzima ukajibu.

Msichana mmoja akainuka, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa meza. "Papa Doyen, professeur atoke kwanza."

Profesa alimkazia macho, akachukua mkoba wake, akatoka na kufunga mlango.

"Sasa museme," doyen akasema.

Chini ya mlango vilionekana viatu vyeusi. Havikuondoka.

"Mutuulize kama points zimeisha kutoka," msichana akanong'ona.

Doyen akavitazama viatu vile, naye akamwambia msichana kwa sauti ya chini: "Maman, hata mimi ni yeye alinifundishaka."

Haya, wanafunzi waulizwe alama zao zikishatoka. Hilo nimelielewa, na lifanyike. Lakini doyen alihitimu zamani sana. Yeye bado anangoja alama gani?