Kutubu kwenye Paredi

Mkutano ule ulifunguliwa kwa sala ndefu, na mimi tangu kwenye sala nilikuwa nimeshakasirika. Mwenyekiti wa wazazi, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alimwomba Mungu ailinde shule yetu na roho chafu inayowaingia mabinti. Mabinti tu. Nilifumbua macho nimwangalie vizuri. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya sweta, mikono ameikunja kifuani, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

Hiyo roho chafu ilikuwa nje barazani, imekaa juu ya tofali, imebeba mtoto mgongoni. Ni binti wa dada yangu. Alipata mimba akiwa kidato cha pili, akajifungua, na sasa Januari shule zilipofunguliwa alitaka kurudi darasani. Serikali siku hizi inaruhusu. Mkuu wa shule naye alishasema hana kipingamizi. Lakini kijijini kwetu, kule ndani ukishaiacha barabara kuu pale Nyololo, neno halikubaliki mpaka wazazi waitwe walijadili. Wakaitwa, na dada akanipigia simu: "Mdogo wangu, njoo. Mimi kuongea mbele za watu siwezi." Nikafunga kibanda changu cha ushonaji pale Ilomba, Mbeya, nikapanda basi la asubuhi. Kwenye mkoba nilikuwa na sketi mpya ya shule niliyomshonea binti, maana ile ya zamani ilikuwa haimfungi tena kiunoni.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa vidari. Mvua ilikuwa inanyesha, ukungu umeingia mpaka madirishani, na wanaume kadhaa walionekana wazi kwamba mawazo yao yako kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwa kuwa msimu wake ulikuwa umekolea. Dirishani kwangu niliona boma la hosteli ya wasichana. Limefika kwenye renta, juu ya madirisha, likaishia hapo bila paa. Ndani yake pameota majani marefu ya kufichia ndama. Wazazi hawa hawa walilijadili boma lile mwaka hadi mwaka, nani achange na nani asichange, mpaka matofali yakaanza kulika kwa mvua.

Kwa sababu hosteli hakuna, watoto wanaotoka mbali wanapanga vyumba kuzunguka shule. Wenyewe wanaviita mageto. Mtoto wa kike anatoka nyumbani Jumapili na unga wake na maharage yake, anajifungia chumbani, anajipikia, anasoma kwa mwanga wa simu, na Ijumaa anarudi kwao kwa miguu. Hakuna mtu mzima anayemwangalia. Halafu mimba ikiingia, tunashangaa imepita wapi.

"Binti yangu atakaa dawati moja na huyo," alisema mama mmoja aliyejitanda kitenge. "Atajifunza nini kwake?"

"Tukimkubali huyu," mwingine akadakia, "mwakani watakuja na watoto mgongoni darasa zima. Tutajenga na chekechea?"

Watu wakacheka. Dada yangu akainama, akawa anachezea pindo la khanga yake.

Mwanaume aliyempa mimba yule mtoto hakutajwa hata mara moja. Na wote walikuwa wanamjua. Alikuwa mpakiaji wa mbao, amepanga nyumba ile ile ya mageto aliyokuwa anakaa binti wetu, mlango unaofuata. Tumbo lilipoanza kuonekana alikimbilia Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu. Mama yake mzazi alikuwemo mle darasani, dawati la mbele yangu, anafuma kitambaa cha kochi. Sindano ilikuwa inaingia na kutoka, inaingia na kutoka, na yeye hainui kichwa.

Aliyesimama kututetea alikuwa mzee mwenye duka la pale senta, Mwislamu, ambaye wazee wake walitoka pwani zamani na yeye amezaliwa hapa hapa. "Hii ni shule ya serikali," alisema. "Sheria inasema mtoto arudi. Mjadala uko wapi? Tuzungumzeni hosteli."

"Mzee wangu, wewe tuuzie sukari," mtu wa nyuma akamjibu, na watu wakacheka tena. Mzee akakaa.

Ndipo nikasimama. Nilisalimia, "Kamweneee," wakaitikia vizuri tu, kwa maana adabu sisi tunayo. Nikasema, "Mimi naomba kuuliza. Huyo mwanaume mbona hamumjadili? Huyu mtoto alijipa mimba mwenyewe?"

Sindano ya kufumia ikasimama.

"Mama," mwenyekiti akasema kwa ule upole wake, "wewe ni mzazi wa shule hii?"

"Mimi ni mama yake mdogo."

"Basi tunashukuru. Lakini mzazi yupo. Huyo kijana unayemsema hayupo hapa na si mwanafunzi wetu. Tukianza kumjadili tutalala hapa."

Nikakaa. Nilitamani kuvua kiatu nimrushie.

Kisha likatokea lile nililoliogopa zaidi ya matusi. Wakawa na huruma. Mwenyekiti alisema sisi si watu wa kumtupa mtoto. Akasema hata kanisani aliyekosa hatupwi, anatengwa tu. Watu wa kwetu wanalijua hilo toka utotoni: ukipata mimba bila ndoa, hushiriki meza ya Bwana mpaka Jumapili utakayosimama mbele ya usharika mzima, ukakiri, mchungaji akakurudisha kundini. Ukisharudi, mambo yamekwisha, hata jirani haruhusiwi kukusimanga. "Na huyu binti tufanye hivyo hivyo," alisema. "Jumatatu asimame paredi, aombe msamaha kwa walimu na wanafunzi wenzake, tumrudishe. Yaishe."

Darasa zima likapumua. Yule mama wa kitenge akasema hapo sawa, hapo kweli tumeongea kama watu. Walipiga makofi, jamani. Walikuwa wamefurahi kwa dhati, kila mmoja anajiona ametenda wema, na hicho ndicho kilichonichoma. Mtu mbaya unaweza kugombana naye. Sasa unagombanaje na watu wanaotabasamu?

Mkuu wa shule, kijana mgeni, aliangalia meza yake. "Utaratibu huo kwenye miongozo haupo," alianza. Kisha akayaona yale macho yote yanamngoja. "Lakini sauti ya wazazi nayo lazima tuiheshimu."

"Mzazi anasemaje?" mwenyekiti akauliza.

Nilimfinya dada mkono. Nilimfinya kwa nguvu. Alisimama, yeye asiyejua kuongea mbele za watu, akasema maneno mawili tu: "Mwanangu atasimama."

Njiani kurudi nyumbani sikumbakizia dada neno. Nilimwambia amemuuza mtoto wake. Nilimwambia shule si kanisa, na kanisa lenyewe lilimkosea yeye zamani. Tulikuwa tunatembea kwenye tope, yeye mbele na mimi nyuma, na binti yuko mbali nyuma yetu na mtoto wake. Dada akasimama akanigeukia.

"Mimi nilisimama kwa ajili ya mimba ya huyu huyu," alisema. "Nilisimama mbele ya usharika, baba yetu akiwa benchi la kwanza. Nilikufa?"

"Hujawahi kuongea mbele za watu tena mpaka leo."

Dada aliokota kandambili yake iliyonasa kwenye tope, akaendelea kutembea.

Usiku ule sikulala kwa hasira, na asubuhi ya Jumatatu nilikwenda na binti shuleni. Alivaa ile sketi niliyomshonea. Ilimkaa vizuri, na hilo nalo liliniumiza. Mtoto tulimwacha na dada. Shule nzima ilikuwa imejipanga mbele ya mlingoti, majaketi yamefungwa mpaka shingoni kwa baridi. Wimbo wa taifa ukaimbwa. Matangazo ya usafi yakatolewa. Halafu akaitwa.

Alipanda kwenye ngazi ya ofisi. Maneno alikuwa amefundishwa na mwenyekiti, na akayasema yote kama alivyofundishwa, kwamba amekosa, kwamba ameitia aibu shule, kwamba anaomba apokelewe. Aliyasema taratibu, macho yako kwenye viatu vyake.

"Sauti!" mwalimu wa nidhamu akasema. "Nyuma huku hawasikii. Rudia."

Akarudia.

Wavulana walikuwa wanasukumana kwa viwiko na kuchekea ndani ya kola. Wale wadogo wa kidato cha kwanza hawakujua kama wanatakiwa kucheka au la. Wasichana wakubwa ndio hawakucheka hata mmoja. Walisimama wima, wanamwangalia. Maziwa yalikuwa yameanza kumvuja, doa linapanuka kwenye shati jeupe, na akalifunika kwa mkono huku anamalizia sentensi ya mwisho. Mwalimu akaagiza makofi matatu, yakapigwa, na mtoto wetu akaingia darasani.

Nilirudi Mbeya siku hiyo hiyo. Sikumuaga mwenyekiti, ingawa alininyooshea mkono pale getini. Mpaka leo sijutii kumwacha na mkono wake hewani.

Miezi ikapita. Binti anasoma, na anasoma vizuri; bayolojia hakuna anayemgusa. Juzi dada alinipigia akiwa na furaha ambayo sikuizoea kwake. Alisema kulikuwa na mkutano mwingine, na mwenyekiti amewatangazia wazazi kwamba tangu ule utaratibu wa kutubu uanze, hakuna mimba hata moja iliyoripotiwa shuleni. Wazazi wamepiga makofi. Wamekubaliana uendelee. "Unaona mdogo wangu," alisema, "na wewe ulivyonitukana siku ile."

Nikamwambia anipe binti.

Binti alipokea simu, akanisalimia, shikamoo mama mdogo. Nikamuuliza ni kweli hakuna mimba shuleni. Nikasikia anatoka nje na simu, nikasikia kuku.

"Rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa dawati moja ameondoka," akasema. "Amepanda basi alfajiri, amekwenda Dar kufanya kazi za ndani. Kwao wanajua ameacha shule tu. Tumbo alikuwa analifunga na khanga."

"Hakumwambia mtu?"

"Hapana. Ila alikuwa ananiuliza kila siku, kusimama pale paredi kukoje. Sikujua kwa nini anauliza, mama mdogo. Nikamwambia yote."