Kamera Isiyo na Kioo na Jicho la Bibi

Huu ni mwaka wa tano nina kamera isiyo na kioo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa dukani Kasulu siku niliyoinunua. Muuza duka alikuwa mzee mwenye asili ya Tanga, mpole, anayezungumza kama anauza marashi. "Mwanangu, zile kamera za zamani zina kioo ndani, kinaruka kila ukibonyeza. Hii wamekitoa. Ndiyo maana nyepesi, na ukitaka inapiga kimya." Mimi shule niliishia kidato cha nne, na fizikia tuliachana kwa amani mapema zaidi. Nikaamini. Na kweli hakunidanganya.

Shida ni kwamba ninakaa Kibondo, natoa kopi kwenye duka la steshenari, na Kibondo nzima kioo ni kile cha simu. Nikimwambia mtu kamera yangu haina kioo, anaigeuza, anakiona kioo nyuma, ananirudishia kwa huruma.

"Dada, si hiki hapa? Nani amekwambia hakipo?"

Fundi simu wa mlango wa pili alijitolea kunitafutia kingine. Nilichoka kueleza, nikatengeneza jibu fupi: "Kioo ni mambo ya zamani. Kamera nzuri ni ile iliyotolewa kioo." Jibu hilo nililitumia kwenye harusi, kwenye kipaimara, stendi. Kwa bahati mbaya nililitumia pia kwa bibi yangu mzaa mama, kijijini kwake Nyakitonto.

Niseme ukweli wote wa kamera hii, maana tumeishi pamoja vya kutosha. Ukiibadilishia lenzi nje, vumbi letu jekundu linaingia moja kwa moja mpaka ndani, hakuna cha kulizuia. Kwa karibu mwaka mzima anga ya wilaya yetu ilikuwa na doa upande wa kulia, na bwana harusi mmoja aliniuliza kama ni mwewe. Nikamwambia ndiyo. Betri nayo inaisha haraka, kwa sababu ndani ya kile kitundu cha kuchungulia kuna televisheni ndogo inayowaka muda wote. Lakini mwanga ukiwa hafifu, ile televisheni inaona kuliko mimi. Ndoto yangu ni picha zangu zitundikwe mahali ambapo watu wanakata tiketi kuziangalia. Kwa sasa zimetundikwa saluni, na wateja wanaziangalia kwa kuwa wamefungwa nywele hawawezi kugeuka.

Mwaka jana bibi alianza kupotea kwenye uwanja wake mwenyewe. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga, la kulia lilibaki na ukungu. Aliungua mkono kwa sufuria aliyodhani imeepuliwa. Mjomba wangu, anayeishi naye, akampeleka Kasulu, ambako madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwa wiki moja tu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, na jicho la kulia likicheleweshwa litafuata la kushoto.

"Tunatoa kile kilichochafuka, bibi, tunakuwekea kioo kipya."

Bibi akasimama, akaaga kwa adabu zote, akatoka nje.

Mjomba alinipigia simu siku hiyo hiyo. "Njoo umalize ulichokianza."

"Nimefanya nini, mjomba?"

"Anasema mjukuu wake msomi ana mashine inayoona mpaka gizani, na wameitoa kioo. Yeye kwa nini awekewe?"

Mimi ndiye msomi mwenyewe.

Nilifika Nyakitonto siku iliyofuata, zikiwa zimebaki siku mbili madaktari waondoke. Bibi alikuwa kwenye mkeka mbele ya nyumba anachambua maharage kwa vidole. Tukasalimiana kwa Kiha, salamu ndefu za huku, makofi taratibu, mpaka tukawaulizia na ng'ombe ambao hatuna.

"Bibi, nilikosea kueleza," nikasema. "Kamera ina kioo. Hiki hapa mbele, shika. Bila hiki haioni kitu. Kilichotolewa ni kingine, kile cha kujitazamia, kilikuwa huku nyuma."

Akapapasa lenzi, akaniachia alama ya kidole cha maharage.

"Kumbe kipo."

"Kipo."

"Sasa miaka yote hii ulikuwa unawatangazia watu nini?"

Akaendelea kuchambua.

"Mimi nimeshaona vyote," akasema. "Vilivyobaki mtanisimulia."

Nikampa kamera achungulie. Nikaongeza mwanga, nikazungusha kile kigurudumu kidogo kilichowekwa kwa ajili ya wenye macho mabovu, nikavuta picha karibu, nikamwelekeza kwa mjomba aliyekuwa ameegemea mlango. Bibi akabana jicho la kulia kwenye kitundu.

"Yoo! Una mvi!"

"Mama, nina miaka hamsini."

"Mbona hukuniambia?"

Mjomba akajipapasa kichwa kama mtu aliyekutwa na kosa.

Kuanzia hapo hatukumweza. Alisimama, kamera jichoni, mimi nimemshika kiwiko, tukakagua mji wote. Akagundua kuku wa jirani analala kwenye banda letu. Akagundua shamba la nyuma. "Haya ni maharage au magugu? Mmekuwa mkinilisha nini?" Mjomba akasema mvua zilikuwa nyingi. Bibi akasema mvua hailimi wala haipalilii. Mimi, badala ya kufurahi, nilikuwa naangalia alama ya betri kwenye kona, nyekundu, inapepesa.

Saa tisa ikazima.

"Pamekuwa giza," bibi akasema.

"Chaji imeisha, bibi. Betri ya pili nimeisahau Kibondo. Na umeme umekatika tangu asubuhi."

Hakuiondoa jichoni. Alikaa nayo hivyo hivyo, imezima, labda robo saa nzima. Mjomba alitaka kusema neno, nikamkonyeza anyamaze.

"Na kile kioo cha hospitali," bibi akauliza mwishowe, "chaji yake inakaa muda gani?"

"Hakichajiwi, bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ukishawekewa ni wako."

Akanirudishia kamera, akakung'uta maganda kwenye kanga.

"Sasa yule daktari si angesema hivyo?"

Tulifika Kasulu kesho yake, ikiwa ndiyo siku yao ya mwisho ya upasuaji. Foleni ilizunguka jengo. Kwa saa nne nilimshika mkono na kuomba Mungu wasifunge kabla hajaitwa, na yeye alinituliza mimi, akasema nina mikono ya baridi kama chura. Alipoingia sikupiga picha yoyote. Betri nilikuwa nimeichaji usiku umeme uliporudi, lakini kupiga sikuweza.

Asubuhi iliyofuata walimfungua bandeji. Daktari akanyoosha vidole.

"Vingapi hivi, bibi?"

"Vitatu. Na kucha ukate."

Muuguzi akacheka mpaka akaweka trei chini. Mimi nililia kidogo, upande wa dirishani. Bibi aliniona, maana sasa alikuwa anaona, na akaniambia mbele ya watu nijipanguse pua.

Tuliporudi Nyakitonto alisimama mbele ya nyumba yake, akautazama mlango.

"Nani amepaka rangi hii?"

"Wewe ndiye uliyeichagua, mama," mjomba akasema. "Juzijuzi tu."

"Nilichagua nikiwa sioni. Ninyi mlikuwa mnaona."

Jumamosi mjomba alinunua rangi nyingine, ya bluu, akapaka upya. Bibi alikaa kwenye mkeka tangu asubuhi, akimwonyesha kwa fimbo kila mahali alipopitiwa.