Makala za Sinema kwenye Ukuta wa Makunduchi

Nasima ana duka la kupiga picha na kutoa kopi mtaa wa Mlandege, mjini. Asubuhi hupiga picha za vitambulisho. Alasiri, wateja wakipungua, hushughulika na makala za baba yake.

Baba yake, Sleiman, alikuwa mwalimu wa skuli. Kwa miaka mingi aliliandikia gazeti moja la wiki kuhusu sinema zilizoonyeshwa mjini: ipi inafaa kutazamwa, ipi ni ya kupotezea jioni. Hakujiwekea hata nakala moja. "Gazeti ni la wiki yake," alikuwa akisema. Alipofariki, gazeti lenyewe lilikuwa limeshafungwa zamani.

Ndipo Nasima akaanza kutafuta. Maktabani alipata baadhi ya matoleo, lakini miaka ya mwisho ilikosekana. Marafiki wa baba walikumbuka makala, hakuna aliyeziweka. Akabandika kopi ya makala moja ya maktabani kwenye kioo cha duka, labda atatokea mtu.

Akatokea Silima, mwongoza watalii wa msitu wa Jozani, aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho.

"Jina hili lipo kwetu Makunduchi," akasema. "Ukutani kwa mama."

Ijumaa Nasima akaenda. Mama yake Silima, Bi Mwanamkasi, akamfungulia mlango.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndo binti Sleiman wa senema? Mimi na baba yako tuna ugomvi."

Akampeleka chumba cha nyuma. Zamani marehemu mumewe akirudi kutoka mjini na magazeti, naye akiyabandika kwa uji wa muhogo, udongo wa ukuta usimwagike kitandani. Wakati huo alikuwa akisoma ngumbaru na hakuwa na kitabu, basi akajisomea ukuta. Ndani ya jumba la sinema hajatia mguu hata leo.

"Ugomvi gani, Bi?"

"Soma hii. Mke kamwacha mume, baba yako anasema senema mbovu, mke kaondoka bila sababu. Na sababu kaiandika mwenyewe hapo juu, mume hasemi naye! Kila nkiisoma nnamjibu."

Nasima alicheka. Nyumbani kwao makala zile hazikuwa na msomaji; yeye mwenyewe hakuzigusa baba yake alipokuwa hai.

Alijaribu kubandua moja kwa kitambaa cha maji. Karatasi ikatoka na udongo, ikamvunjikia mkononi.

"Wacha, mwanangu, utazimaliza," Bi Mwanamkasi akamwambia.

Basi wakasogeza kitanda, Silima akashika taa, Nasima akapiga picha moja moja. Makala moja ilikuwa imeliwa na unyevu chini. Bi Mwanamkasi akaimalizia kwa kichwa, Nasima akiandika.

"Haya maneno ya baba, au yako?"

"Sijui tena."

Nyumbani Nasima aliisoma sehemu ile tena na tena. Ilifanana na baba yake, na pengine haikufanana. Mwishowe aliichapa kwa herufi za mlazo, chini yake akaandika kwamba imesimuliwa na Bi Mwanamkasi wa Makunduchi. Nakala moja ya makala za ukutani aliipeleka maktaba.

Baada ya masika Silima alipiga plasta chumba kile. Mama yake hakukataa, ila alitaka achapishiwe makala zote kwa herufi kubwa, pamoja na zile za maktabani ambazo hajapata kuziona. Nasima humpelekea chache chache, akipata nafasi.