Nyuzi Tatu za Baba

Enzi zetu pale Nsemulwa, mtoto wa mwanakwaya hakuulizwa kama anapenda muziki. Alitumwa. Kila Jumapili baada ya uji, fundi akishafunga spika ya honi juu ya nguzo na kuunganisha amplifaya kwenye betri ya gari, mimi na wenzangu tulikimbizwa hadi kwenye mashamba ya mahindi. Gitaa likisikika tunapunga kitenge. Lisiposikika tunatulia, na Baba kule anaongeza sauti. Watoto wa leo wanalia bando limeisha. Sisi wimbo tuliufuata kwa miguu.

Baba ndiye alikuwa mpiga solo wa kwaya, na heshima yake yote mtaani ilikuwa kwenye lile gitaa. Honi ile iliibana sauti ikatoka nyembamba, kali, ya kutoboa sikio. Ilipitisha nyuzi nyembamba tu. Zile nene ilizimeza. Basi Baba naye nyuzi nene akawa anazigusagusa tu, na sidhani kama aliwahi kuzityuni. Nani angejua?

Sikukuu ya mavuno tukaalikwa Mwamkulu. Wenyeji walikuwa wameazima maspika makubwa ya maboksi, yale ya kutetemesha kifua. Baba, ndani ya koti lake la harusi, akachomekewa gitaa. Nyuzi nene ambazo hatukuwahi kuzisikia zikanguruma, kila moja na njia yake. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama mbali na kitenge changu, kwa mazoea tu, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba akaacha kupiga katikati ya wimbo. Nilimjua: akishuka pale, hatashika gitaa tena. Mama, aliyekuwa anaimba sauti ya pili, akamwambia polepole, ila maiki ilikuwa mbele yake na wote tukasikia.

"Baba Nyamizi, we piga zile unazozijua."

Nyamizi ndiye mimi. Baba akaomba koleo kwa fundi, akakata nyuzi nene tatu mbele ya watu wote, bila haraka, akaanza upya. Yale maboksi yaliinenepesha kidogo sauti yake, lakini ilikuwa yake. Wamama wa Mwamkulu waliokuwa wanacheka wakaingia kucheza. Hakuzirudisha nyuzi zile mpaka anafariki.

Siku hizi mwanangu ndiye anapiga gitaa kanisani. Anatyuni kwa simu. Ana kidude cha kukanyaga kwa mguu, akikanyaga gitaa linakuwa kama kinanda, na akikosea kidogo lawama zote ni za fundi mitambo. Juzi alipiga nyimbo za babu yake kwa nyuzi zote sita, safi kabisa, kanisa zima likasimama. Ibada ilipoisha akaja kuniuliza nimeonaje. Nikamwambia amempita babu yake. Ni kweli amempita, na ndiyo maana nilizunguka nyuma ya kanisa nikalia.