Usingizi wa Senta Wetu

Uwanja wetu wa mpira wa kikapu ulikuwa wa murram, changarawe nyekundu iliyomwagwa kwenye mteremko nyuma ya mabweni ya shule, nje kidogo ya Rangwe. Mpira ukikuponyoka ulibingirika hadi kwenye mtama wa wenyewe, na aliyeupoteza ndiye aliyeufuata, matusi ya mwenye shamba yakimngoja. Ndivyo tulivyojifunza kushika mpira.

Aliyetufundisha alikuwa mwalimu wa jiografia, mwanamke mkavu wa maneno aliyesomea ualimu Uganda na kuupata mchezo huko. Alikuwa ameichezea timu ya taifa ya wanawake ilipokuwa bado changa, na habari zake alizisimulia bila kujipamba.

"Tulienda Kampala, tukapigwa. Tukaenda Dar es Salaam, tukapigwa. Tukarudi Kampala, watu wakatuonea huruma hadi wakatushangilia sisi wageni." Alizungusha mpira mkononi. "Sitaki mshangiliwe hivyo."

Alitaka timu ya taifa ichukue wasichana wa kwetu, na macho yake yalikuwa kwa rafiki yangu. Kwao rafiki yangu kulikuwa Bonde la Lambwe, basi tulimwita Nyar Lambwe, binti wa Lambwe, kama Wajaluo tunavyomwita mwanamke kwa kwao. Alikuwa mrefu hata akainama kuingia bwenini. Yeye alikuwa senta, wa kusimama chini ya kikapu. Mimi mfupi nilikuwa wa kuleta mpira. Nilikuwa naurusha bila kumtazama, nikijua mkono wake uko pale.

Likizo ya Aprili alinialika kwao. Lori lilitushusha kwenye barabara ya kwenda Sindo, tukatembea. Nyasi zilikuwa ndefu, na njiani tulipita maboma mawili yasiyo na moshi wala kuku. Kwenye la pili mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na kichaka kilikuwa kimeanza kuota ndani. Nilimuuliza wenyewe wameenda wapi.

"Wamehama," alisema, akaongeza mwendo.

Mama yake alitupokea kwa furaha, lakini ng'ombe wake walikuwa wakitokwa machozi, na mbavu zao ungeweza kuzihesabu. Nami nilipouliza tena juu ya majirani, mama hakuficha kama binti yake.

"Wengine wamehama, nyathina, mwanangu. Wengine tumezika." Kisha akatazama sketi zetu za shule, za buluu iliyokoza. "Hizo msivae mkienda msituni. *Maugo* wanapenda nguo nyeusi."

Maugo ni mbung'o. Tulimwitikia mama, lakini sketi zile ndizo tulizochezea, na kila asubuhi tulikwenda kwenye mti uliokuwa pembeni ya kichaka, ambako Nyar Lambwe alikuwa amepigilia pete ya pipa. Mbung'o walikuja kimya. Hawakuvuma kama nzi. Ulisikia tu moto wa sindano ukipenya kitambaa. Waliniuma mimi begani, wakamuuma yeye shingoni. Jeraha langu lilipoa. Lake lilivimba likawa kama jipu lisilo na usaha, mama akalibandika majani, nasi tukarudi shule.

Mwezi wa sita tuliitwa Kisumu kuchujwa kwa ajili ya timu ya taifa. Tulipanda meli pale Homa Bay pamoja na mwalimu. Nyar Lambwe alikaa amejikunyata juani huku meno yakigongana, akanikataza kusema. Kisumu alicheza kama mtu anayekimbiza kitu. Majina yaliposomwa yetu yote mawili yalikuwamo, na mwalimu, ambaye hatukuwahi kumwona akilia, aligeukia ukuta.

Baada ya hapo ndipo usingizi ulipoanza. Mwanzo tulicheka. Alisinzia darasani, akasinzia kwenye mstari wa chakula, akasinzia tonge la ugali likiwa mkononi. Usiku naye hakulala. Wenzake wa bweni walilalamika kwamba anakaa kitandani ameduwaa. Kisha kicheko kikaisha, minong'ono ikaingia. Matroni alimwita akamminya tumbo, asione mimba. Msichana mmoja wa kidato cha juu akasema shule tuliyoishinda imemtupia kitu. Mwalimu alimpeleka zahanati, dresa, mfunga vidonda wa pale, akampa vidonge.

"Malaria," mwalimu alituambia, na uso wake ukalegea. Malaria tulikuwa tunaijua. Kila mtu alikuwa nayo.

Nyar Lambwe alipona siku chache, homa ikarudi, ikaondoka tena. Kati ya homa na homa alicheza vizuri sana, na hilo ndilo lililotudanganya. Nairobi, kwenye kambi ya timu, alijilaza kila mapumziko juu ya benchi, na wachezaji wa mjini wakadhani anawadharau. Nilikuwa nikimwamsha kwa kumvuta masikio. Siku moja alifungua macho, akanitazama muda mrefu, akaniuliza mimi ni nani. Kisha akacheka, akasema alikuwa anatania. Nami nikacheka, maana nilitaka iwe utani.

Tulikwenda Kampala kwa treni kucheza na Uganda. Karibu safari yote alilala, kichwa kikigonga dirisha.

Katika mechi ile, nusu ya kwanza tulikuwa mbele. Sijui kama timu yetu ya wanawake iliwahi kuwa mbele Kampala kabla ya siku hiyo. Mwalimu, aliyekuja kwa nauli yake mwenyewe, alikuwa amesimama juu ya kiti. Kila mpira niliorusha, mkono ulikuwa pale. Hakuna aliyetuonea huruma. Watu walikuwa wakituzomea, na mwalimu alikuwa akicheka kwa zomeazomea hiyo.

Kipindi cha pili kilipoanza, Nyar Lambwe alisukumwa chini ya kikapu, refa akampa mitupo ya adhabu. Alisimama kwenye mstari na mpira mikononi. Tukangoja. Refa alipuliza filimbi, yeye hakutupa. Akapuliza tena. Nilimsogelea, naye akageuza kichwa polepole, akaniambia kwa Kijaluo, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nipe mpira."

Mpira alikuwa ameushika yeye.

"Nipe basi," alisema. "Mbona unaninyima?"

Watu walianza kucheka. Kisha alipiga magoti, akakaa sakafuni, akalaza shavu juu ya mpira kama mtu aliyefika nyumbani, na kicheko kikakatika. Aliyemfikia kwanza hakuwa mmoja wetu. Alikuwa senta wa Uganda, msichana aliyekuwa akigongana naye jioni nzima, muuguzi kwa kazi. Alimgusa nyuma ya shingo, akapapasa, akaacha vidole pale.

"Kwao kuna mbung'o?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Wako."

"Analala mchana?"

"Kila mara."

"Huyu ana malale. Mimi ni wa Busoga. Ugonjwa huu ulimaliza kijiji cha nyanya yangu." Alianza kumwita daktari wa uwanja, kisha akanigeukia, akinitazama sasa mimi. "Wewe umewahi kulala huko kwao?"

Mechi iliendelea bila sisi wawili, tukashindwa. Nilijua hilo kesho yake tu. Hospitalini walimchoma sindano ya mgongoni, wakatoa maji, wakawaona wadudu. Mimi damu yangu walisema ni safi, lakini nirudi kupimwa tena, maana wadudu hao hujua kujificha.

Alipopata nguvu ya kusafiri alihamishiwa hospitali ya Homa Bay, na mwalimu akanichukua kwenda kumwona. Dawa aliyopewa ilikuwa na sumu ndani yake. Ilipopita kwenye mshipa alilia kwamba anaungua. Wodi ilikuwa imejaa watu wa bonde. Walilala jua la mchana likiwapiga usoni, vinywa wazi, wengine wakichezesha vidole kana kwamba wanasuka kitu. Nilipomtafuta rafiki yangu nilipita kitanda cha mwanamke aliyekonda, akanishika sketi.

"Nyathina," alisema, "nilikuambia usivae hii."

Alikuwa mama yake. Hakuna aliyekuwa ametupasha habari. Mama huyo alizikwa kabla shule hazijafungwa.

Mwaka ule wote niliuogopa mwili wangu. Saa za alasiri, kope zikinizidi darasani kwa joto, nilisimama ghafla na kutoka nje, na hakuna mwalimu aliyenikemea. Nilipimwa mara tatu. Nilikataa kulala mchana hata siku za ugonjwa, na mpaka leo silali.

Niliendelea kuichezea timu ya taifa miaka miwili. Dar es Salaam tulipigwa vibaya. Kampala tulishinda mara moja, ushindi mwembamba, na mwalimu hakuwepo. Alikuwa ameacha kufundisha mchezo, akasema jiografia inamtosha. Habari ya ushindi nilimpelekea mwenyewe. Alinipa chai, akauliza kama wachezaji wote wamerudi wazima.

Nyar Lambwe aliishi. Hakurudi bondeni, mjomba wake alimchukua hadi upande wa Migori, na huko akaolewa, mkono mmoja ukimtetemeka kidogo anapomimina chai. Serikali ilikuwa ikifyeka vichaka Lambwe ili mbung'o wakose makao, na watu walikuwa bado wakiletwa wodini. Nilipomtembelea nilikuta hakumbuki Kampala hata chembe: si treni, si uwanja, si maneno aliyoniambia. Alikuwa akimenya viazi mlangoni.

"Nilicheza vizuri?" aliniuliza.

"Tulikuwa mbele."

Alikata kiazi. "Na watu walikuwa wengi?"

"Wengi sana."

"Basi," alisema, akaniomba nimsogezee sufuria.