Nilimsifu Mdogo Wangu Kanisani Ili Atoke Kwangu

Nilijua. Naanza na hilo, maana watu wengi yakishawafika husema hawakujua. Mimi nilijua vizuri kabisa, na bado nilisimama mbele ya kanisa nikadanganya. Msinionee huruma!

Mdogo wangu nitamwita Fiston, si jina lake. Tulikimbia pamoja kutoka Kivu Kusini, na hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, alikaa nyumbani kwangu, pamoja na mimi na binti yangu Sifa. Ukimwona utampenda. Msafi, anaimba kwaya, anasalimia wazee kwa mikono miwili.

Lakini mimi ndiye niliyembeba mgongoni, namjua. Alipokuwa mtoto alimfunga mwana-mbuzi miguu, akamlaza juani, akakaa kando kumtazama akifa. Hakuwa na hasira yoyote! Mama alimchapa, hakulia. Aliuliza tu kama sasa anaweza kwenda kula. Siku tulipomzika mama huyohuyo alilia mpaka watu wakamshika mabega. Tulipofika nyuma ya nyumba akajifuta uso, akaniuliza kama nyama imebaki.

Kisha ikafika zamu ya Sifa. Niliingia jikoni nikamkuta Fiston ameushika mkono wa mwanangu juu ya makaa, anauteremsha polepole. Mtoto alikuwa amekauka kwa woga, kidole kimeshababuka. Nikapiga kelele.

"Yaya, acha makelele," akaniambia mimi dada yake mkubwa, anatabasamu. "Nilitaka tu nione atalia saa gani."

Kumfukuza sikuthubutu. Nani angeniamini? Na nilimwogopa, jamani, nilimwogopa! Nikamwomba Mungu amtoe kwangu. Mungu akachelewa, nikamtoa mwenyewe.

Janeti alikuwa rafiki yangu, akiuza chai ya maziwa pale Base Camp, mtaa mmoja wa kambi yetu. Hakuwa na mzazi wala kaka hapa kambini, yaani hakuwa na mtu wa kumuulizia mambo. Ndiyo maana nilimchagua. Ndiyo, nilimchagua! Nilimwita kwangu kula, nikamkalisha karibu na Fiston, nikatoka nje.

Sasa, huku kambini hakuna anayeweza kurudi kijijini kwenu kuuliza wewe ni mtu gani. Kwa hiyo kabla ya ndoa mchungaji hutafuta mtu wa kwenu asimame aseme. Janeti na Fiston walipokubaliana kuoana, akauliza mbele ya kanisa:

"Nani anamujua huyu kijana tangu kule kwabo?"

Nikasimama. "Ni miye, mchungaji. Ni kijana mupole. Sijamuonaka na hasira hata siku moya."

Na hilo la hasira lilikuwa kweli! Wamama wakapiga vigelegele, Janeti akanikumbatia akilia. Niliporudi nyumbani nilicheka peke yangu. Ametoka!

Baada ya muda Janeti akaanza kuja na alama shingoni. Nikamwambia avumilie, ndoa changa ziko hivyo. Siku moja akaniuliza usoni, "Yaya, kule kwenu alikuwaka vile?" Nikasema hapana. Niliogopa akiachika, Fiston atarudi kwangu.

Asubuhi moja Janeti alikuwa akichemsha maziwa ya biashara. Fiston alinyanyua sufuria nzima akammwagia usoni na kifuani. Hawakuwa wamegombana. Majirani walipofika walimkuta Fiston ndiye anayelia zaidi, anagaagaa chini, anasema sufuria imemponyoka. Jirani mmoja alikuwa ameona kila kitu dirishani. Akaenda polisi, na askari akamjibu, "Mama, huyu mutu iko muzuri. Yeye nasalimia sisi kila siku."

Nilimfuata Janeti hospitalini Mbarara. Nilimtambua kwa sauti tu. Daktari wa akili alikuwa amekuja kumsikiliza, akamweleza kwamba wako watu ambao tangu utoto hawana huruma wala woga, hata machozi wanayaiga kwa wengine. Janeti akanitazama kwa jicho lililokuwa likifunguka.

"Yaya, weye ulijua?"

Nikalia, nikamwambia yote. Mbuzi, mazishi, mkono wa Sifa. Hakupiga kelele.

"Ye alizaliwaka vile," akasema. "Na weye?"

Tangu siku hiyo Janeti hajataka kuniona tena. Fiston sasa amehamia Rwekubo, anaimba kwaya nyingine, nasikia wamama wanamsifu. Nimemwandikia mchungaji wa huko. Nimechelewa mno, najua!

Nyinyi mtakaoitwa kumsemea ndugu yenu, semeni mlichokiona. Msiseme mupole. Msimkabidhi mtoto wa watu kwa mtu ambaye nyinyi wenyewe mnamfungia mlango.

Jana nilimshika Sifa mkono, nikautafuta ule mbabuko. Umepona, haukuacha hata alama.